Mkono Umimine, Moyo Uchukie? Jibu kwa Kijana wa Shela

Swali limetoka kwa kijana wa miaka 26 wa hapa Lamu, nami nalinakili kwa ufupi kwa idhini yake.

"Sheikh, asalamu alaikum. Kwa miaka minne nimefanya kazi katika nyumba ya wageni huko Shela. Nilianza kwa kutandika vitanda, nikahamishiwa jikoni, na sasa meneja anataka niwe msimamizi wa chakula cha jioni. Mshahara utaongezeka kwa shilingi 14,000 kwa mwezi. Kazi hiyo ni pamoja na kuagiza na kutunza vinywaji, pombe ikiwemo, na kuwamiminia wageni mezani. Nimeshaishika kwa majaribio wiki mbili. Ami yangu anasema hii ni darura, yaani dhiki inayoruhusu kilichokatazwa, kwa kuwa mama ananitegemea na wadogo zangu wawili wako shuleni, na kwamba la muhimu ni moyo uichukie pombe. Wenzangu wa darsa wananiambia niache kabisa kazi za watalii, kwani zote ni haramu. Nimechoka kuvutwa huku na huku. Je, naweza kumimina kwa mkono, moyo ukachukia?"

Wa alaikumu salamu warahmatullah, mwanangu. Jibu fupi ni hapana, huwezi. Lakini nikikuachia hapo nitakuwa nimekudhulumu, kwa sababu ami yako amekosea upande mmoja na wenzako wamekosea upande wa pili, nawe usipolijua kosa la kila mmoja utaendelea kuvutwa vivyo hivyo hata baada ya kunisoma.

Nianze na ulevi wenyewe. Katika hadithi aliyoipokea Anas bin Malik, na waliyoitoa Tirmidhi na Ibn Majah katika vitabu vyao vya hadithi, Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwalaani watu kumi kwa ajili ya pombe, na mnywaji ni mmoja tu kati ya hao kumi. Wengine ni anayeikamua na anayekamuliwa, anayeibeba na anayebebewa, anayeiuza na anayeinunua, anayenunuliwa, anayekula thamani yake, na anayeinywesha. Huyo wa mwisho ndiye wewe pale mezani saa mbili za usiku, kitambaa mkononi na chupa imeinama. Ametajwa kwa kazi ya mkono wake, wala moyo wake haukuulizwa unapenda au unachukia. Ami yako, bila shaka, anaikumbuka ile hadithi ya Imamu Muslim isemayo kwamba anayeona uovu auondoe kwa mkono wake, asipoweza kwa ulimi wake, na asipoweza kwa moyo wake, na hiyo ndiyo imani iliyo dhaifu zaidi. Lakini itazame vizuri: hadithi ile inamzungumzia anayeuona uovu ukifanywa na mwengine naye hana uwezo wa kuuzuia. Haimzungumzii anayeufanya yeye mwenyewe. Chuki ya moyo ni silaha ya mwisho ya asiyeweza kuondoa, haikuletwa iwe ruhusa ya mwenye kutenda.

Ama hiyo darura, neno hili limekuwa jepesi mno vinywani mwetu, na mimi huona uchungu kila ninapolisikia likitumiwa kwa jambo ambalo ni faida tu. Darura ni ile hali iliyotajwa katika Suratul Baqara, ya mtu aliyefikwa na njaa ya kumtoa roho akaruhusiwa kula nyamafu kwa kiasi cha kumuokoa. Darura ni hali ya Ammar bin Yasir, aliyeteswa na makafiri wa Makka baada ya mama yake, Sumayya, kuuawa, akalazimika kutamka kwa ulimi maneno ambayo moyo wake uliyakataa, na aya ya 106 ya Suratun Nahl ikashuka kumtoa hofu. Wewe mwanangu leo una mshahara, nyumbani kwenu sufuria iko jikoni, na wadogo zako wako darasani. Unachotakiwa kukikosa ni nyongeza. Sisemi shilingi 14,000 si kitu; najua karo ilivyo na najua mama anavyohesabu akitoka sokoni. Nasema jina lake si darura, na tukiliita hivyo tutakuwa tumeifungua milango yote, kwani hakuna mtu duniani asiyekuwa na haja ya shilingi 14,000 zaidi. Hata darura ya kweli, wanazuoni wameiwekea mpaka: hupimwa kwa kadiri yake, huisha inapoisha, na mwenye kufikwa nayo analazimika kutafuta njia ya kutoka, si kuikalia kitako.

Sasa wenzako wa darsa. Wao wamekuhurumia kwa njia ya kukuongezea mzigo ambao Mola wako hakukubebesha. Kutandika kitanda cha mgeni ni halali. Kumpikia samaki wa kupaka ni halali, na kumchukua kwa mashua mpaka Manda au Matondoni ni halali, hata akiwa mtu asiyeijua dini yako. Mshahara unaolipwa kwa kazi ya halali hauharamiki kwa sababu mfuko wa mwajiri umeingia pesa za namna mbili. Bukhari amepokea kwamba Mtume alifariki ilhali deraa yake ya vita iko rehani kwa Myahudi mmoja wa Madina kwa pishi thelathini za shayiri, na Qurani yenyewe inaeleza kwamba miongoni mwa Mayahudi walikuwamo waliokula riba. Nabii Yusuf aliomba mwenyewe kuwekwa juu ya hazina za nchi ya Misri, chini ya mfalme asiyekuwa wa dini yake. Nahl hiyo hiyo, aya ya 116, inakataza ndimi zisiseme hili halali na hili haramu kwa kumzulia Mwenyezi Mungu uongo, na katazo hilo linampata anayeharamisha halali kama linavyompata anayehalalisha haramu. Mji wetu umepokea wageni kwa kaskazi na kusi tangu zama za majahazi ya Hadhramaut na Bara Hindi, na wazee waliowapokea walikuwa na dini zao sawasawa. Ukiacha kazi leo kwa maneno ya wenzako, kesho utamlaumu Mungu kwa jambo ambalo hakukuagiza.

Kati ya pande hizi mbili yako mambo ya shubuha, yasiyo wazi kuwa halali au haramu, na hapo nakuomba uwe na subira nami. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamesema kuwa kumuuzia zabibu mbichi mtu ambaye unajua atazikamua pombe ni haramu, ijapokuwa zabibu zenyewe ni halali, na unapokuwa na shaka tu ni makuruhu, yaani jambo lisilopendeza bila kuwa haramu. Maana yake ni kwamba ukaribu wa msaada unahesabiwa. Kuagiza chupa, kuziandika daftarini, kuzipoza na kuzimimina ni msaada ulioshikana na dhambi yenyewe. Kuingia chumbani asubuhi ukakuta chupa tupu chini ya kitanda ukaitia kwenye taka si msaada wa chochote, na usijitie wasiwasi kwayo. Kukusanya vyombo mezani, glasi ya mvinyo ikiwa katikati ya sahani, ni jambo la katikati. Mimi naona ulikwepe ukiweza kwa kupanga zamu na mwenzako, na usipoweza siku moja mbili usijihesabu umeangamia. Wapo watakaokujibu kwa ukali zaidi yangu katika hili la glasi, nami siwapingi. Kila mmoja anachunga mpaka, na mchungaji anayelisha mbali na ua wa mwenyewe hulala usingizi zaidi, kama hadithi ya Nu'man bin Bashir ilivyotufundisha.

Swali lako, hata hivyo, lina mzizi mrefu kuliko pombe. Unaniuliza mtu ataishije na watu wanaotaka alegeze, bila kulegeza na bila kugombana. Kwa hili wanazuoni wametuachia maneno mawili yanayofanana kwa sauti na kutofautiana kwa maana kama maji na moto: mudara na mudahana. Mudara ni upole, yaani kutoa kilicho chako, muda wako, heshima yako, hata haki yako, ili watu wakae vizuri na dini isalimike. Mudahana ni kutoa kilicho cha Mwenyezi Mungu ili dunia yako isalimike. Neno la pili limetokana na mafuta, duhn kwa Kiarabu, na aya ya tisa ya Suratul Qalam inasema kwamba waliomkanusha Mtume walitamani lau angelegeza nao wakalegeza. Kiswahili chetu kina picha iyo hiyo tunapomsema mtu kwamba anampaka mwenzake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mafuta huteleza, na anayeteleza haoni hatua alipoondoka.

Najua kuteleza huko, na nitakueleza, kwa sababu sipendi uone nakusemesha kutoka juu ya mimbari. Nilipokuwa na umri wako niliajiriwa kama karani katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Siku moja nililetewa hati ya kupokea mifuko 40 ya saruji. Nilikuwa nimekaa mlangoni asubuhi nzima na nilikuwa nimeihesabu ilipokuwa ikishushwa kwa punda: ilikuwa mifuko 28. Mkubwa wangu alisimama karibu yangu, akaweka kalamu juu ya karatasi, akaniambia kwa sauti ya upole kabisa kwamba mingine inakuja kesho, na kwamba nisiwacheleweshe watu. Nikatia sahihi. Nakumbuka nilivyoandika jina langu kwa haraka mpaka herufi ya mwisho ikatoka nje ya mstari, na nakumbuka mkono ulivyokuwa baridi. Usiku ule sikulala. Mara ya pili nilitia sahihi nikalala. Mara ya tatu sikusoma hata idadi. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo: dhambi haikupungua, bali ule ubaridi wa mkono ndio uliopotea, na kwa ule ubaridi ndipo ningejua kwamba bado niko hai. Nilikuwa, katika miezi ile yote, nikiswali Alfajiri kwa jamaa na kuuchukia wizi kwa moyo wangu wote, kama ami yako anavyokushauri. Moyo uliouchukia wizi na mkono uliouandikia wizi ulikuwa wa mtu mmoja, na moyo ndio uliomfuata mkono.

Nikaacha siku nilipotakiwa nimfundishe karani mpya namna ya kuandika. Hapo nilishindwa. Lakini kuacha kwa kuchelewa kulinigharimu mara mbili ya ambavyo kungenigharimu siku ya mifuko 28, kwa sababu nilikuwa nimekwishakuwa shahidi dhidi ya nafsi yangu katika kila karatasi. Kwa hiyo ninapokwambia ukatae sasa, katika wiki hii ya pili, kabla barua ya cheo haijaandikwa, sikwambii kwa ukali. Nakwambia kwa sababu mkono wako bado una ubaridi, la sivyo usingeniandikia.

Ukitaka mfano wa aliyesimama bila kuteleza na bila kupigana, huna haja ya kwenda mbali. Habib Swaleh, aliyetujia kutoka Visiwa vya Ngazija katika karne ya 19, aliwasomesha watumwa na wanyonge ambao wenye mji hawakupenda wakae karibu na elimu. Alipingwa. Hakubadili darsa yake ili apendwe na wakubwa, na hakumtukana yeyote kwa kumpinga. Alikwenda kukaa pembezoni mwa mji, upande wa Langoni, akaendelea na kazi yake kwa upole ule ule, na hapo ndipo ulipoinuka msikiti wa Riyadha ambao leo unajaza Lamu watu kila Maulidi. Alitoa nafasi yake kati ya wakubwa, jambo lililokuwa lake. Haki ya mnyonge kumjua Mola wake hakuitoa, kwa kuwa haikuwa yake kuitoa. Hiyo ndiyo mudara.

Sasa twende kwa meneja wako. Kwanza ujue kwamba huendi kuomba hisani tupu. Kifungu cha 32 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinasema kwamba mtu hatanyimwa kazi kwa sababu ya imani au dini yake, na kwamba hatalazimishwa kufanya kitendo kinachopingana na imani au dini yake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza ubaguzi wa dini kazini, na katika kifungu chake cha 46 inaihesabu dini kuwa si sababu ya haki ya kumuachisha mtu kazi. Akifukuzwa mtu kwa hilo, anaweza kumpelekea afisa wa kazi malalamiko yake ndani ya miezi mitatu. Hii haina maana kwamba cheo hiki ni chako kwa lazima. Ina maana kwamba usiingie ofisini ukitetemeka kama mkosa. Kinga hii, tena, si ya Waislamu peke yao. Ikiwa kazini kwenu yumo Msabato anayeomba asipangwe Jumamosi, simama naye, kwa sababu haki mnayoidai ni moja, na anayeidai haki kwa dini yake peke yake huwa bado hajaielewa.

Hayo ya sheria yaweke mfukoni, usiyatoe kwanza. Mwendee asubuhi baada ya kifungua kinywa cha wageni, sio jioni wakati amezongwa. Usimwambie kwamba pombe yake ni laana. Hakukuuliza hukumu ya pombe. Mwambie jambo lako wewe, kwa maneno machache: kwamba umeshukuru kwa kuaminiwa, kwamba dini yako haikuruhusu kuagiza, kutunza wala kumimina pombe, kwamba umejaribu wiki mbili na umeona huwezi kuendelea, na kwamba kazi nyingine zote za jioni uko tayari kuzifanya. Kisha umpelekee na njia. Mwenzako asiyefungwa na katazo hili ashike vinywaji, wewe ushike jiko, meza, hesabu za samaki na mboga, na kifungua kinywa. Sema utakachokifanya kwa urefu kuliko usichokifanya. Ninao vijana niliowasomesha wanaowachukua wageni kwa mashua wakati jua linapotua, na mmoja wao humwambia mgeni tangu ufukweni, kabla ya kupandisha tanga, kwamba kasha la barafu analoliweka chomboni lina maji ya madafu, ndimu na ukwaju, na kwamba chombo chake hakibebi pombe. Huyasema hayo huku akimpa mgeni mkono apande. Wapo wanaoshuka wakatafuta chombo kingine, na yeye mwenyewe huwaonyesha chombo cha kukodi. Sijamsikia akilalamika juu ya hao.

Huenda meneja akakubali. Huenda akasema cheo na vinywaji ni kitu kimoja. Basi mwachie cheo, ubaki na kazi yako ya jikoni ambayo ni halali, na uanze kutafuta taratibu mahali pengine bila kususa. Huenda, na hili ni zito, akakuona huna faida naye msimu wa mvua ukifika wageni wakapungua. Sitakudanganya kwamba kila aliyeacha haramu alifunguliwa halali mwezi ule ule. Aya ya Suratut Talaq imeahidi kwamba mwenye kumcha Mwenyezi Mungu atamfanyia njia ya kutokea na atamruzuku asikotarajia, nami naiamini ahadi hiyo kama ninavyoamini mauti, lakini aya haikutaja tarehe, na nimewaona wacha Mungu waliokaa miaka na shida zao. Ninachoweza kukushuhudilia ni kitu kingine. Nimeishi hapa wakati wa utekaji wa wageni wa mwaka 2011, wakati wa mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, na wakati wa korona mwaka 2020. Mara zote tatu wageni walikatika, milango ya nyumba za Shela ikafungwa, na waliokuwa wameuza kitu cha dini yao ili wasipoteze kazi walirudi nyumbani siku moja na wale ambao hawakuuza. Kazi ikaondoka kwa wote. Walichotofautiana ni walichobaki nacho.

Mwambie mama kabla hujamwambia meneja. Kina mama wengi wa kwetu watakuelewa upesi kuliko ami zako, na ikiwa hatakuelewa, ni bora machozi yake uyaone sasa kuliko aje asikie barazani. Mwonyeshe hesabu: mshahara uliopo, karo iliyobaki, na nini kinaweza kusubiri. Ami yako mheshimu, usimjibu kwa hadithi kumi ukamnyamazisha mbele ya watu. Yeye amekupenda kwa njia anayoijua.

Limebaki la zile wiki mbili. Umeshika chupa, umemimina, na nadhani umepewa bakshishi juu yake. Toba ina sharti zake nazo si ngumu: uache, ujute, uazimie kutorudi. Mshahara wako wa kazi za halali ni wako. Ama bakshishi uliyopewa kwa kumimina, ikadirie kwa uaminifu bila kujikaba koo, kisha mpe mwenye shida, si kwa nia ya kutafuta thawabu kama sadaka bali kwa nia ya kuitoa mkononi mwako. Usiitie msikitini, na usiipeleke jikoni kwa mama. Ukiwa huijui idadi, toa kiasi ambacho moyo wako utatulia kwamba hakijapungua, na unapokwenda kwa meneja uwe umeshaitoa.